Cooper Black si herufi za watoto peke yao

Msomaji mmoja ameniuliza kama anaweza kutumia fonti, yaani mtindo wa herufi, ya Cooper Black kwenye bango la duka lake la keki bila kudharauliwa. Namjibu hapa hadharani, kwa kuwa wengi wetu tunaotafuta riziki katika usanifu wa mabango na vifungashio tumeshasikia maneno yaliyomtia hofu.

Mimi niliyasikia kwa mteja, mbele ya vijana niliokuwa nikiwafundisha kazi: kwamba hizo ni herufi za kitoto na msanifu aliyesoma hazigusi. Kauli hiyo inaniuma hadi leo, ingawa bango nililomtengenezea baadaye mwoka mikate wa mtaani kwetu, kwa herufi hizohizo, limeniletea wateja kuliko kazi yangu nyingine yoyote, na sioni haya kujivunia.

Cooper Black ilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago, ikatolewa mwaka 1922 na kiwanda cha kusubu herufi za kuchapia cha Barnhart Brothers & Spindler. Ilikusudiwa matangazo, yaani maneno machache yanayopaswa kuonekana kutoka mbali. Ncha zake zote zimeviringwa kama donge lililoumuka, na tundu la herufi o limelalia nyuma kidogo. Uchangamfu wake unatokana na kukutana kwa unene na ulaini, ndiyo maana inavuta jicho bila kufoka. Shirika la ndege la easyJet la Uingereza limeandika jina lake kwa herufi hizi kwenye ndege zake, na abiria wanapanda. Utoto uko wapi hapo?

Kwa Kiswahili ina faida na hatari yake, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wawe makini. Maneno yetu yamejaa a, e na o, herufi zenye matundu. Yakiandikwa makubwa, neno kama “maandazi” hujaa na kupendeza, lakini ukilipunguza hadi kimo cha maandishi ya kawaida ya kitabu, wino hutanda, matundu huziba na neno hugeuka mstari wa madoa. Hilo si kosa la fonti. Ni kosa la msanifu anayeipa kazi isiyo yake, kisha akaungana na wanaoitukana.

Basi iheshimuni. Msiinyooshe kwa upana ili ijaze nafasi, msiitie kivuli, wala msiandikie aya nzima. Msiitumie kwa tangazo la msiba, hata mteja akisisitiza.

Kwa duka la keki, ndugu msomaji, andika jina la duka peke yake kwa Cooper Black, kwa herufi ndogo isipokuwa ya kwanza, na rangi moja tu. Bei na namba ya simu ziandike kwa fonti nyepesi isiyo na mapambo, kisha simama ng’ambo ya barabara ulisome bango lako kabla hujamlipa fundi.