Muulize Mama wa Porini: Sheshe kwenye majani marefu

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma wanyamapori hapa Moshi. Mwezi ujao tunakwenda Bonde la Kilombero kukagua wanyama na makazi yao. Majani kule yanamzidi mtu kimo, sheshe, yule swala wa kandokando ya maji, utamhesabuje? Na fomu ya uoto mbona ndefu hivyo, wakati tumefuata wanyama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sheshe huhesabiwa kutoka angani wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamekauka au yameungua na maji yamerudi mtoni. Ndege ndogo hufuata mistari iliyonyooka, kimo kilekile, na chini ya bawa hufungwa fimbo mbili. Unahesabu waliomo kati ya fimbo tu. Wa nje, hata liwe kundi zima, waache. Eneo la ukanda ule likilinganishwa na bonde zima, ndipo yanapopatikana makadirio. Kwa miguu utategemea zaidi nyayo na kinyesi: kibichi kinang'aa, cha siku kadhaa kimepauka na kupasuka.

Swali la pili ndilo linalonigusa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitembea asubuhi nzima kwenye matete bila kuona mnyama, nikaacha mistari ya fomu mitupu. Jioni kiongozi wetu akaniuliza: hukuona kitu, au hukufika? Fomu haikuweza kumjibu. Kesho yake tukarudia njia yote, maji magotini.

Tangu hapo naandika sifuri, na kando yake naandika nilichokikuta: matete yamekatwa, njia ya ng'ombe hatua tatu kwa upana, jaruba jipya la mpunga, maji ya kifundo cha mguu. Sheshe asiyeonekana leo huenda amehama na maji, atarudi. Lakini yuko mnana wa Kilombero, ndege aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1990 tu, anayefuma kiota kwenye matete ya kando ya mto. Matete yakiisha atafuma wapi? Bonde liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu muhimu duniani, mwaka 2002, na mashamba yameendelea kusogea. Yamefika wapi, fomu yako ndiyo itakayosema. Ijaze yote, nakuomba.

Kabla ya safari, njooni huku Arusha, mshinde siku moja kwenye maziwa ya Momella. Wakiwapo flamingo, hesabu kumi, jicho lizoee ukubwa wa kumi, kisha mia, kisha pima kundi zima kwa mia hiyo. Mwenzako afanye vivyo hivyo, na msitajiane idadi mpaka wote muwe mmeandika. Beba penseli. Wino ukilowa unafutika.