Walezi wa wenye dimensha na linki zenu: kwa nyinyi wapya mlioingia kwenye grupu

Nimekuwa nikiwaangalia nyinyi wapya mnavyojibu walezi wa wenye dimensha (ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na akili) kwenye grupu, manesi, maklinishiani na ma-CHP (wahudumu wa afya wa jamii), nikaona heri niandike mara moja kuliko kumvuta kila mtu pembeni. Nawapenda, mna moyo, na mnajibu mbio. Lakini mlezi hajamaliza hata kueleza shida yake ashatupiwa PDF. Huyu anauliza mama hataki kula, linki. Yule analia kwa voisi noti, linki. Hapana jamani, tutaumiza watu.

Linki zenyewe hazina kosa. iSupport, mafunzo ya WHO (Shirika la Afya Duniani), ilitengenezwa kwa ajili ya hawa hawa walezi wa nyumbani, ina moduli 5 na masomo 23, kuanzia dimensha ni nini mpaka jinsi ya kumuogesha mtu asiyetaka kuogeshwa na la kufanya akianza kukushuku umemwibia. mhGAP, mwongozo wa WHO wa afya ya akili, nayo ni ya sisi wahudumu, ina sehemu yake ya dimensha, nataka kila mmoja wenu awe nayo kwenye simu. Na watu wanaohitaji haya mambo ni wengi, WHO inahesabu milioni 57 duniani wenye dimensha mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wako nchi kama yetu, ambako daktari bingwa yuko mbali na anayelea ni binti, mkwe au mjukuu. Kwa hivyo zitumieni. Ila kwa mpango.

1. Uliza imeanza lini. Kabla ya kitu chochote kile.

Dimensha kwa kawaida haiingii ghafla juzi Jumanne. Inakuja polepole, miezi, miaka, watu wa nyumbani wenyewe hawakumbuki ilianza wapi. Mtu akibadilika ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hiyo ichukulie ni deliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla, mpaka uhakikishe siyo, na deliriamu ina kitu kimeisababisha: maambukizi, kukaukiwa maji, sukari kushuka, choo kigumu, mkojo kuziba, kuanguka akagonga kichwa, dawa mpya. Na msiniambie "lakini huyu si tayari ana dimensha". Mwenye dimensha ndiye mwepesi zaidi kupata deliriamu.

Hili nililikosea mimi, na nalisema lote ili mlijue.

Grupu lilikuwa bado changa. Kulikuwa na binti akimlea mamake, mama tunamjua kliniki, anasahau, swali moja atakuuliza mpaka uchoke, lakini anakula, anatembea mwenyewe mpaka barazani, na ukimpa ukili mikono inasuka yenyewe huku anakuuliza tena wewe ni mtoto wa nani. Usiku mmoja binti akaandika: sista, mama leo simuelewi, halali, anaokota vitu hewani, ananiita jina la dadake. Nilikuwa nimetoka zamu ndefu, nimechoka, nikasoma haraka na jibu nikaliona liko tayari, mabadiliko ya tabia, moduli ya 5. Nikamtumia lile somo. Nikamuandikia na maneno ya kumtuliza, washa taa, usibishane naye, mshike mkono, pole mama. Akajibu asante sana sista.

Kesho yake akaandika tena, mama anasinzia tu kutwa, hata kuitika haitiki vizuri. Mimi nikafurahi. Nikamwambia alhamdulillahi, amepata usingizi, na wewe jipumzishe. Sasa kaeni hapo kidogo. Mzee aliyekuwa anahangaika usiku kisha akawa mzito, anasinzia, hasemi, hajapona huyo. Hiyo ni deliriamu ya kimya na ndiyo inayopita bila kuonekana, maana haisumbui mtu. Mimi nesi wa miaka yote ile nikampongeza binti wa watu kwa hali iliyokuwa inamuua mamake.

Siku ya tatu wakamleta kwa tuktuk. Tumbo la chini limejaa, gumu, ukimgusa anakunja uso. Tulipoweka katheta, ule mpira wa kutoa mkojo, mkojo ulijaza mfuko ukaendelea, mzito, harufu yake ilifika mwisho wa wodi. Homa iko juu, presha iko chini. Ndipo nikauliza lile swali la kuuliza mwanzo, kuna dawa yoyote mpya? Binti akafungua kipochi akatoa kikaratasi cha vidonge, chlorpheniramine, hii ambayo kila mtu anaiita Piriton. Mama alikuwa na mafua, wakaambiwa dukani itakausha mafua na usingizi pia ataupata. Kwa kijana ni kidonge cha mafua tu. Kwa mzee, dawa za aina hiyo zinachanganya akili na zinaweza kuzuia mkojo kutoka. Mkojo ukakaa, ukaingia vijidudu, vijidudu vikaingia kwenye damu.

Hakufa, antibayotiki zilimshika. Lakini alitoka wodini hatembei, barazani akawa anabebwa, na ukili hakuushika tena. Na binti akawa ananishukuru, yaani kila akinikuta ananishukuru, kwa sababu kila alipoandika nilimjibu. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikaenda kwao, nikakaa naye mkekani nikamwambia ule usiku ulioandika mara ya kwanza ilikuwa nikwambie mlete. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo ni mimi na ile Piriton?" Nikamwambia la, wewe uliuliza, aliyetakiwa kujua ni mimi.

Kwa hivyo mkiona ujumbe "leo amebadilika", mnauliza: imeanza lini, anakula na kunywa, anakojoa, choo kimetoka lini, ameanguka, ana homa, na ametumia dawa gani mpya, ya dukani, ya jirani au ya mitishamba. Ikiwa ni ghafla, jibu ni "mlete sasa hivi" na namba ya kupiga. Somo litangoja.

2. Jua aliyeshika simu ni nani.

Kwenye grupu letu wako watoto walioko Mombasa, Dubai, Saudia, wanauliza maswali mazuri, wanasoma masomo yote, wanatuma pesa, Mungu awabariki. Lakini anayemuosha bibi ni mjukuu wa miaka 19 mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyofungua hata picha. Unamfundisha wa Dubai mbinu za kuogesha, kisha wa Dubai anapiga simu kumgombeza wa Malindi kwamba anaogesha vibaya. Nimeona nyumba zikivunjika hivyo. Mtafuteni anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Kama hana simu ya maana, CHP aende na yake, au mumchapie: iSupport iko pia kama kitabu cha kuchapisha, kilitoka 2019, na halazimiki kuanza somo la kwanza, mpe lile linalohusu shida yake ya wiki hii. Na asiyesoma mrekodieni voisi noti fupi, kwa Kiswahili cha hapa au Kigiriama, siyo Kiswahili cha semina.

3. Video za wazee zisitoke. Hili sitalirudia kwa upole.

Wiki iliyopita mmoja wenu ameweka grupuni kipande cha bibi anatembea uani usiku na kanga moja, anaongea peke yake, ati "walezi wajifunze kuzurura kunaonekanaje". Nia nzuri, najua. Lakini fikirini tuko wapi. Hii ni kaunti ya Kilifi. Wazee wetu wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wako wanaopaka mvi rangi nyeusi kwa hofu, wako waliokimbia makwao wakaenda kuhifadhiwa Kaya Godoma kule Ganze. Sasa bibi anayetoka usiku, anayeongea na wasioonekana, anayeingia boma la jirani kwa sababu amepotea njia, hizo ni dalili za ugonjwa kwako wewe uliyesoma, na kwa mwenye ugomvi wa shamba na huyo bibi ni ushahidi wa uchawi. Ikiforwadiwa mara mbili huwezi kuirudisha. Ukitaka ushauri wa daktari, eleza kwa maandishi bila jina, bila mtaa. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini hata kusingekuwa na sheria, yule ni mama wa mtu.

Na ukienda kwa hiyo familia, zungumza na majirani pia wenyewe wakikuruhusu. Sentensi moja ya nesi mwenye yunifomu, "bibi ana ugonjwa wa ubongo, akipotea mrudisheni", inafanya kazi ambayo hakuna somo la simu linaweza.

4. Magharibi.

Wengi wenye dimensha wanachafuka jioni. Mwili umechoka, mwanga unapungua, vivuli vinakuwa watu. Na huku kwetu magharibi kila mtu anajua ni saa ya majini, kwa hivyo mlezi akikuandikia "mama kapandisha" usimbishie, muulize anafanya nini hasa. Washeni taa kabla giza halijaingia, kahawa iishe asubuhi, mchana atembezwe asilale mno. Familia wakitaka kisomo wasome, wazee wengi wanatulia wakisikia aya walizozihifadhi utotoni. Kombe ni maji na zafarani, na maji anayahitaji. Mnachokataa ni kumfunga, kumpiga, kumnyima chakula na kumfukiza mpaka akose pumzi. Mkianza kwa kubeza dini na mila zao, hawatawasikiliza mkija kwenye hayo manne.

Hapo hapo niseme la "nataka kwenda kwetu". Kuna mama alizaliwa Faza, ameolewa Malindi tangu msichana, kila jioni anafunga leso zake kwenye kifurushi anataka kwenda kwao. Binti anamwambia mama, kwenu ndiyo hapa, umekaa hapa miaka yote. Vita. Mmoja wenu, na nampa heko, alikaa naye chini akamuuliza, kwenu Faza mkipika nini? Mama akaanza samaki, nazi, nani alikuwa anakwenda kuvua, jahazi la nani, mpaka isha ikaadhiniwa, kifurushi kikabaki hapo miguuni. Somo la kutobishana binti alikuwa amelisoma mara nyingi, akalielewa siku ile alipoliona likifanyika. Fanyeni hivyo, onyesheni.

5. Vipimo vya mtandaoni. Msimpe bibi ambaye hajawahi kushika kalamu achore saa, kisha muandike "amefeli". Tumieni kipimo cha IDEA, kilitengenezwa Hai, Kilimanjaro, Tanzania, kwa wazee wasiosoma, kuna kupanga njiti za kiberiti, kutaja wanyama, kukumbuka maneno. Hata hicho ni cha kuchuja tu. Chungulieni masikio kwanza, nta ikitoka wengine "wanakumbuka" siku hiyo hiyo. Na kabla ya kusema dimensha, damu ipimwe: sukari, thairoidi, B12 ikipatikana, HIV, kaswende. Muulizeni pia kama ana huzuni, amefiwa na nani.

6. Video koli na daktari bingwa: mfuko wote wa dawa mezani, presha na sukari zishapimwa, mlezi halisi awepo. Nukta.

7. Mlezi mwenyewe.

Moduli ya 3 nzima inamhusu yeye na ndiyo hamuitumi hata siku moja. Mlezi akiandika "niko sawa sista" saa nane za usiku, hayuko sawa. Msimtumie picha ya maua. Mpigieni simu asubuhi, mumuulize amelala saa ngapi, nani anampokea, na kama ameshawahi kumpiga mgonjwa. Ndiyo, muulize hivyo hivyo, kwa upole, wengi wanangoja kuulizwa. Akisema ndiyo usimhukumu, tafuta shangazi, dada, kijana yeyote wa kumpokea alasiri mbili kwa wiki, na hilo la alasiri mbili msiliache mpaka mpate jina la mtu.

Kuanzia Jumatatu, zamu ya kujibu grupu ina majina. Asiyekuwa zamu asijibu dalili, aite aliye zamu. Yale maswali ya namba 1 nimeyabandika juu ya grupu, na kila "amebadilika" iandikwe kwenye daftari la kliniki na saa iliyoingia, tutayapitia pamoja Jumatano kabla ya wagonjwa hawajaanza kuja.