Mpira Usioonekana

Wiki iliyopita mliuliza: kati ya filamu zilizotoka mwaka 2010 hadi 2019, zipi zimekukaa moyoni kuliko zote, na kwa nini? Nimeandika orodha, nikaifuta, nikaiandika upya. Zilizokataa kufutika zote zinafanana kwa jambo moja: mwongozaji amenificha kitu makusudi, akaamini nitakiona mwenyewe.

Ya kwanza ni Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2014. Watu wenye silaha wameuteka mji huo wa Mali, wamepiga marufuku muziki, sigara na hata soka. Basi vijana wanacheza bila mpira. Wamevaa jezi zao, wanakimbizana, wanapasiana, vumbi linatimka, kila mmoja anajua mpira uko miguuni mwa nani, ila mpira haupo. Punda anakatiza uwanjani kwa mwendo wake wa taratibu. Mara pikipiki inatokea na watu wenye bunduki, na kufumba na kufumbua mchezo umekuwa mazoezi ya viungo: huyu anainama, yule anajinyoosha.

Niliitazama na mama, ambaye hana habari kabisa na soka. Mwanzoni aliniuliza, "Mpira wenyewe uko wapi?" Nikanyamaza. Baada ya muda nikamwona macho yake yanakwenda kulia, yanarudi kushoto, yanakwenda tena kulia. Nikamuuliza, "Mama, unatazama nini?" Akasema, "Niache, mwanangu, natazama mpira." Tangu siku hiyo sijahitaji mtu wa kunieleza sinema inaweza nini.

Filamu hiyohiyo ina mauaji. Mfugaji Kidane anamfuata mtoni mvuvi aliyemuulia ng'ombe wake, wanakamatana, bastola inalia. Mwongozaji mwingine angetusogeza karibu tuone jeraha. Sissako anairudisha kamera nyuma kabisa, mto wote unaonekana upana wake chini ya jua linalozama, na Kidane, mdogo kama sisimizi, anajikokota majini kuelekea ng'ambo. Anachukua muda mrefu. Katika muda huo unaelewa kwamba hakuna ng'ambo atakayofika akawa tena mtu aliyekuwa asubuhi.

Roma ya Alfonso Cuarón (2018) nayo inaanza na kitu ambacho ni rahisi kukipita: vigae vya sakafu. Tunavitazama tu. Maji yanamwagwa, povu linakuja na kurudi, kisha ndani ya maji yale mbingu inaonekana, na ndege inapita ndani yake. Anayedeki ni Cleo, msichana wa kazi katika nyumba moja ya Mexico City mwanzoni mwa miaka ya 1970. Filamu nzima imepigwa rangi nyeusi na nyeupe, na Cuarón ndiye aliyeshika kamera pia. Hakuweka muziki wa kutuambia tulie lini. Muziki unaosikika ni wa redio na wa mtaani, ule ambao Cleo mwenyewe anausikia.

Ndiyo maana tukio la baharini linaniumiza kila mara. Cleo hajui kuogelea, na watoto anaowalea wamevutwa na mawimbi. Anaingia. Kamera inakwenda naye ubavuni, hatua kwa hatua, maji yanafika magotini, kifuani, usoni, na kinachosikika ni bahari peke yake. Kila anachokiogopa tunakisoma kwenye mwendo wake. Wakishatoka wote, wakiwa wamekumbatiana mchangani, ndipo anapolitamka jambo alilolibeba kimya filamu nzima. Silitaji hapa kwa heshima ya ambaye hajaitazama.

Parasite ya Bong Joon-ho (2019) imeshasifiwa sana, na mwaka 2020 iliweka historia kwa kuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa Oscar ya filamu bora, kwa hiyo nitasema neno moja tu: harufu. Harufu haipigwi picha. Lakini mke wa tajiri anashusha kioo cha gari kwa sababu ya harufu ya dereva wake maskini, dereva anainusa nguo yake mwenyewe kwa siri, na aibu ile ikanikaba nami kooni.

Son of Saul ya László Nemes (2015) nimeitazama mara moja na sidhani nitaweza kuirudia. Tuko Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuulia Wayahudi, kamera imemganda mtu mmoja, na nyuma yake kila kitu ni ukungu. Masikio ndiyo yanayoona.

Iko moja inayokwenda kinyume na yote niliyosema, na siwezi kuiacha: Mad Max: Fury Road ya George Miller (2015). Hii haifichi lolote. Magari ya kweli yanagongana kwenye jangwa la kweli, huko Namibia, na kilicho muhimu kinawekwa katikati ya skrini ili jicho lisihangaike kukitafuta. Mhariri wake, Margaret Sixel, alipata Oscar, na aliistahili. Filamu inakwenda mbio mwanzo mwisho lakini hupotei hata dakika moja.

Nikiambiwa nichague moja, ni A Separation ya Asghar Farhadi, ya mwaka 2011, kutoka Iran. Simin anataka kuhama nchi kwa ajili ya binti yao, Termeh. Nader, mumewe, hataki kumwacha baba yake mzee aliyepoteza kumbukumbu. Mke anamuuliza kama mzee anajua hata kwamba yeye ni mwanawe. Nader anajibu kwamba yeye anajua yule ni baba yake. Kuna jambo linatokea barabarani ambalo Farhadi analikata katikati, na kesi yote inayofuata imesimama juu ya kile tusichokiona.

Mwishoni binti anatakiwa mahakamani aseme ataishi na nani. Amekwisha kuamua. Hakimu anawaomba wazazi watoke, wanakaa kwenye korido, mlango wa kioo kati yao, na majina ya waigizaji yanaanza kupita. Jibu hatupewi. Mara ya kwanza nilikuwa na hakika anakwenda na mama. Mara ya pili nilikuwa nimetoka kumuuguza baba yangu miezi mingi, nikamtaka abaki na baba. Mara ya mwisho sikumchagulia. Niliwatazama wale wawili tu, kila mmoja upande wake wa kioo, wakimsubiri mtoto atoke.