Unatoka Fani Gani? Maneno kwa Wanaoanza Tiba ya Sindano kwa Wanyama

Kila ninapopokea wanafunzi wapya wa tiba ya sindano kwa wanyama, yaani akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa, swali langu la kwanza huwa ni hili: kabla ya kufika hapa ulikuwa ukifanya kazi gani? Wengine hudhani kwamba ninapima nani ana elimu kubwa kuliko mwenzake, na hujibu kwa kutaja vyeti vyao vyote. Ninachotafuta ni mazoea. Nimesimamia wanafunzi kwa miaka ya kutosha kujua kwamba mkono wa mtu huendelea kufanya kazi ya zamani hata baada ya mwenyewe kubadili fani, na kwamba kosa lake la kwanza linaweza kutabiriwa hata kabla hajafungua pakiti ya sindano. Mimi mwenyewe ni daktari wa mifugo, kwa hiyo makosa ya madaktari wa mifugo nitayaeleza kama mtu aliyeyafanya.

Wengi wa wanaofanya kazi hii leo ni madaktari wa mifugo waliosomea tiba ya sindano baada ya shahada yao ya kwanza. Hali hiyo haikutokea kwa bahati tu. Nchini China tiba ya wanyama ilikuwa na wataalamu wake tangu zamani, hasa waganga wa farasi, kwa sababu farasi alikuwa mali ya jeshi na ya dola. Nchi nyingi za Magharibi zilianza kuitazama tiba ya sindano kwa makini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Jumuiya ya Kimataifa ya Akupancha ya Wanyama, inayojulikana kwa kifupi kama IVAS, ilianzishwa Marekani mwaka 1974 na watu ambao tayari walikuwa madaktari wa mifugo. Cheti cha jumuiya hiyo hakipatikani kwa kuhudhuria darasa pekee: kuna mtihani wa maandishi, mtihani wa vitendo, kipindi cha kufanya kazi chini ya msimamizi, na taarifa ya mgonjwa mmoja iliyoandikwa kwa kina. Kundi la pili ni matabibu wa akupancha waliosomea kutibu binadamu, kisha wakavutwa na wanyama. Baada yao wapo wataalamu wa fiziotherapia, wauguzi wa kliniki za wanyama, na watu waliotoka katika ufugaji na mafunzo ya farasi au mbwa.

Kabla sijaingia kwenye mikono, niseme jambo moja kuhusu sheria, kwa sababu nimeona watu wakilipa ada ya kozi nzima ndipo wakagundua kwamba hawaruhusiwi kufanya kazi waliyoisomea. Cheti ni kitu kimoja na leseni ni kitu kingine. Nchini Uingereza, Sheria ya Madaktari wa Mifugo ya mwaka 1966 inaihesabu tiba ya sindano kwa mnyama kuwa kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, hata kama tabibu wa binadamu ana uzoefu wa miaka thelathini. Nchini Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Mengi yanaihesabu kuwa sehemu ya tiba ya mifugo, ilhali Maryland ina njia inayomwezesha tabibu wa binadamu mwenye leseni kuwatibu wanyama baada ya mafunzo ya ziada na kwa kushirikiana na daktari wa mifugo. Kwa hiyo anza na ofisi inayosajili madaktari wa mifugo mahali unapokusudia kufanya kazi, uliza kwa maandishi, na uombe jibu kwa maandishi. Chuo kitakwambia kinachofundisha. Hakina mamlaka ya kukwambia unachoruhusiwa.

Sasa nianze na wenzangu. Daktari wa mifugo huja akiwa na mkono wa bomba la sindano. Amezoea sindano nene, yenye tundu na ncha iliyochongwa ili ikate ngozi, na amezoea kuichoma haraka kabla mnyama hajatambua, huku msaidizi amemkaba mnyama kwa nguvu. Sindano ya akupancha haina tundu, haikati, na ile tunayoitumia kwa mbwa huwa na unene wa robo milimita hivi. Ukiisukuma kama unayechanja itapinda kama unyasi, na mnyama aliyekabwa atakuwa amekakamaa misuli yote unayotaka ilegee. Tena sindano hizi hubaki mwilini kati ya dakika kumi na thelathini. Katika dakika hizo daktari wa mifugo, ambaye kliniki imemfundisha kumaliza mgonjwa na kuita mwingine, huteseka kuliko mnyama. Huwa namwambia: vuta kiti, kaa chini, weka mkono mmoja juu ya mnyama na usiuondoe.

Kuna kosa lingine la daktari wa mifugo ambalo ni zito zaidi, nalo ni kuamini kwamba kwa kuwa yeye ni daktari, basi uchunguzi umeshafanyika. Mwaka wangu wa pili katika tiba hii nililetewa mbwa mkubwa wa miaka minane aliyekuwa akichechemea mguu wa mbele. Barua aliyokuja nayo ilisema ni baridi yabisi, nami niliisoma, nikamgusa mbwa juu juu, nikaanza kazi. Baada ya mara mbili alitembea vizuri zaidi na mwenye mbwa akafurahi, na furaha ile ndiyo iliyotupoteza sote. Wiki ya nne uvimbe mdogo ulionekana juu kidogo ya kiungo cha mguu. Eksirei ikaonyesha saratani ya mfupa. Sindano zilikuwa zimepunguza maumivu, yaani zilikuwa zimefanya kazi yake, na kwa kufanya hivyo zikaficha dalili pekee iliyokuwa ikituita. Nilikuwa na elimu yote ya kulitambua tatizo lile. Niliiacha mlangoni kwa sababu siku hiyo nilijiona mtu wa sindano tu. Tangu hapo simgusi mgonjwa kwa sindano kabla sijamchunguza upya kwa mikono yangu kama vile hana barua yoyote, na mwanafunzi wangu asiyefanya hivyo hurudi nyuma aanze tena.

Tabibu wa binadamu huja na utajiri ambao daktari wa mifugo huchukua miaka kuupata. Vidole vyake vinaona. Anaweza kupitisha mkono mgongoni mwa mnyama na kusema hapa pana joto, hapa pamekaza, hapa pamelegea, na mara nyingi huwa sahihi. Sindano yake huingia bila mnyama kugeuza kichwa. Shida yake ni ramani. Amesoma nukta 361, yaani mahali pa kuingizia sindano, katika mikondo ya mwili wa binadamu, ile mistari ambayo jadi ya Kichina husema nguvu ya mwili hupitia, na nyingi za nukta tunazotumia kwa mbwa na farasi zilihamishwa kutoka kwenye ramani hiyo, jambo linalompa imani kwamba anaijua kazi tayari. Lakini hesabu za mifupa hazifanani. Binadamu ana pingili kumi na mbili za uti wa mgongo zinazobeba mbavu. Mbwa ana kumi na tatu. Farasi ana kumi na nane. Nukta za mgongoni huhesabiwa kwa kufuata pingili na mbavu hizo, kwa hiyo anayehesabu kwa mazoea ya mwili wa mtu atakosea kwa mbali, na kwa farasi atakosea kwa mbali sana. Halafu farasi hana kibofu cha nyongo kabisa, ingawa mkondo wenye jina hilo amechorewa kama wanyama wengine. Mwanafunzi akiniuliza inakuwaje, humwambia kwamba swali hilo linamwonyesha jinsi ramani ilivyotengenezwa: ilihamishwa na watu, na waliohamisha hawakuafikiana kila mahali.

Mfano ninaoupenda ni nukta iitwayo Bai Hui. Kwa binadamu iko utosini. Kwa wanyama, nukta ya jadi yenye jina hilohilo iko nyuma, katika kibonde kilichopo kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na sakramu, mfupa wa mgongo ulio katikati ya nyonga. Tabibu mmoja aliyekuwa na uzoefu mrefu wa kutibu watu aliambiwa aanze na Bai Hui kwa farasi mzee mpole, naye, kabla sijafungua mdomo, akanyoosha mkono kwenda utosini. Farasi alirusha kichwa juu, sote tukarudi hatua mbili, na kikao kikaishia hapo. Hakuna aliyeumia. Yeye mwenyewe alicheka, nami nikacheka, ila nilimweleza pia jambo lisilochekesha: kwa mtu mzima, neva kuu ya uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, ndiyo maana chini ya hapo tabibu wa binadamu huingiza sindano bila hofu kubwa. Kwa mbwa neva hiyo hushuka hadi karibu na pingili ya sita ya kiuno, na kwa farasi huvuka mpaka ndani ya sakramu. Kina kilicho salama kwa mtu huenda kisiwe salama kwa mnyama. Hali ni hiyo kifuani pia: mbwa mdogo ana nyama kidogo juu ya mbavu, na sindano iliyosimama wima kati ya mbavu mbili inaweza kufika kwenye pafu, kwa hiyo hulazwa kwa mshazari.

Tabibu huyu pia amezoea mgonjwa anayesema. Mtu huambiwa "ukisikia uzito au kuvutwa nijulishe," naye hujulisha. Mnyama hujibu kwa mwili, na lugha hiyo hujifunzwa kwa kukaa na wanyama. Ngozi ya mgongo hutetemeka mara moja kama inayofukuza nzi. Sikio moja hugeuka kuelekea mkono wako. Farasi anayeanza kulegea hushusha kichwa, mdomo wa chini huning'inia, kisha hutafuna hewa na kulamba midomo. Mbwa hupumua kwa kina na kuweka kidevu chini. Kinyume chake, mbwa aliyeganda, akafumba mdomo ghafla na kuonyesha weupe wa jicho, hajatulia hata kidogo. Anakupa nafasi ya mwisho ya kuondoa mkono. Hapa wauguzi wa kliniki za wanyama na watu waliokulia na farasi hutushinda sote. Huwa naomba mmoja wao asimame kichwani mwa mnyama, na akisema "acha," naacha bila kuuliza sababu. Mahali pengi sheria haiwaruhusu kuingiza sindano wenyewe, jambo ambalo huwaudhi, na nawaelewa.

Wataalamu wa fiziotherapia hawanipi kazi kubwa. Wanajua misuli, wanajua mwendo, na humtazama mnyama akitembea kabla ya kumlaza, tabia ambayo ningependa kila mtu awe nayo. Wakumbuke tu kwamba kuchoma fundo la msuli lililokaza ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kwa mtu asiye na msingi wowote wa kitabibu, ushauri wangu ni mfupi: jifunze kukanda na kubonyeza nukta kwa vidole, uwasaidie wanyama wako kwa njia hiyo, na sindano uwaachie wengine.

Mtaona pia darasani kwamba watu wa fani tofauti hugombana kuhusu maneno. Daktari wa mifugo hutaka kuzungumzia neva, mzunguko wa damu na kemikali za mwili zinazotuliza maumivu. Tabibu wa jadi ya Kichina huzungumzia qi, yaani nguvu ya uhai, na mikondo yake. Mimi nimesoma lugha zote mbili na nawashauri mzisome, kwa kuwa walimu wenu watazitumia zote. Lakini katika faili la mgonjwa andikeni kwa namna ambayo daktari wa zamu atakayempokea usiku ataelewa. Wala msiahidi mengi. Mapitio ya tafiti za tiba hii kwa wanyama yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihitimisha kwamba ushahidi uliokuwepo haukutosha kuipendekeza wala kuikataa, na ingawa kazi nyingine zimefuata, hasa kuhusu maumivu ya mgongo kwa mbwa, mwenye mnyama anastahili kuambiwa tunachotarajia, kwa muda gani, na tutafanya nini kisipotokea. Anayetoka kwenye fani ya mauzo, na wapo, hulipata jambo hili gumu kuliko anatomia.

Unapochagua chuo, usivutiwe na idadi ya nukta kwenye bango. Uliza walimu wa vitendo wametoka fani zipi, utashika wanyama wa aina gani na mara ngapi, na nani atasimama kando yako utakapomtibu mgonjwa wa kwanza. Kozi yenye wanafunzi kutoka fani mbili au tatu huwa na kelele zaidi, na mimi ndiyo ninayoipenda: mpange kazi wawili wawili, daktari wa mifugo na tabibu wa binadamu, mmoja ahesabu mbavu na mwingine ashike sindano, kisha mbadilishane.

Lipo kosa moja ambalo halichagui fani. Mbwa mwenye manyoya mengi hujikung'uta, sindano moja huzama ndani ya manyoya, nyingine huangukia chini ya meza, na wewe unaendelea kuzungumza na mwenye mbwa. Nilishawahi kupigiwa simu jioni na mteja aliyekuta sindano yangu kwenye mkeka anapolala mbwa wake, karibu na mtoto anayetambaa. Tangu jioni ile naandika idadi kwenye fomu kila ninapoingiza sindano, na zinapotoka mwanafunzi ndiye huhesabu kwa sauti huku akiziweka kwenye chombo. Ikipungua moja, mlango haufunguliwi mpaka ionekane.