Seli Iliyogota 1.28

Ile seli ya oksijeni, kihisi kinachopima oksijeni ndani ya ribritha (mashine ya kuzamia inayosafisha pumzi yako uivute tena), ilikuwa na miezi 20. Nilijua, tarehe nilikuwa nimeiandika mwenyewe ubavuni mwake kwa kalamu, lakini seli ni ghali na nikajidanganya kwamba bado inasoma vizuri. Tulikuwa Dahab, Bahari ya Shamu, mwisho wa mbizi ya mita 40. Nilipofika mita 6 nikajaza ribritha oksijeni tupu. Hapo shinikizo ni baa 1.6, na seli zote tatu zilitakiwa zikaribie namba hiyo. Mbili zikapanda hadi 1.55. Ya tatu ikagota 1.28, haiendi tena.

Tangu siku hiyo, anayeniuliza "Kaka, setipointi niweke ngapi?", yaani kiwango cha oksijeni ambacho kompyuta ya mashine itakilinda, namuuliza kwanza seli zake zinafika wapi. Ukiweka 1.3 na seli mbili zimechoka namna ile, kompyuta inaziamini hizo mbili na kuipuuza nzima. Inaona 1.28, haijatosha, inafungulia oksijeni tena na tena. Skrini shwari, kumbe unavuta 1.8. Oksijeni ikizidi hivyo inaleta degedege, na degedege chini ya maji halibishi hodi.

Mimi nashuka na 0.7, nikitua chini napandisha 1.2. Najua 1.3 ingenipunguzia dakika za kusubiri wakati wa kupanda, gesi itoke mwilini; acha nizisubiri. Gesi ya kuchanganyia, ile inayozimua oksijeni ndani ya mashine, nayo ifuate kina. Hewa ya kawaida kwenye mita 40 inatoa 1.05, kwa hiyo ukiisukumia mashine, oksijeni inashuka kweli na seli unazikagua papo hapo. Mita 50 inatoa 1.26, juu ya 1.2 yangu. Breki imekwisha.

Mtungi wa dharura, wa kupumulia mashine ikiharibika, ndio watu wanaubania. Mashine inakudekeza: mwili unakula oksijeni lita moja hivi kwa dakika, kina chochote. Ukilazimika kuiacha, kila pumzi inakwenda na mapovu. Mita 40, hofu imekupanda, lita 40 kwa dakika mara baa 5. Dakika 2 za kujikusanya, lita 400. Kupanda hadi mita 6, kama 530. Kusubiri pale dakika 10, pumzi imetulia, 320. Jumla 1,250. Mtungi wa lita 7 wenye baa 200 una 1,400, na mwenzangu mmoja anaona unatosha kabisa. Mimi nabeba wa lita 11, japo unanikata bega nikivuka mawe ya ufukweni.