Jezi tatu, namba saba moja, na hela ambayo sikuwa nayo

Juzi usiku nimeshaanza kusinzia, kijana mmoja anayenisoma kanitumia meseji. Naiweka kama ilivyo: "Kaka shikamoo, jezi mpya ya timu yetu imetoka, bei imepaa kuliko hata ya mwaka jana, kuna sehemu wanakubali ulipe kidogo kidogo miezi minne, nichukue au niache? Nijibu mapema kaka manake wanasema saizi yangu zimebaki chache."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo iliyonitoa usingizini. Saizi zimebaki chache! Hayo maneno mimi nayajua, yameshanila hela, yameshanigombanisha na mama watoto, na kabla sijamjibu huyo dogo niliinuka nikaenda kufungua kabati kuangalia kama bado zipo. Zipo. Zote tatu, zimekunjwa chini kabisa ya mashuka, na zote mgongoni zina namba 7.

Nianze na ya kwanza. Mei 2021, mashabiki ndo wameanza kuruhusiwa kurudi viwanjani baada ya korona, Manchester United tunacheza na Fulham, mshambuliaji wetu Cavani anapokea mpira yuko mbali hukooo, anainua macho anamwona kipa katoka golini, anaubetua. Aisee. Mpira ukapaa ukaning'inia kama umesahau kushuka, ukashuka wavuni. Mechi yenyewe iliisha moja moja na sidhani kama kuna mtu anaikumbuka kwa kitu kingine chochote, lakini mimi lile goli lilinikaa rohoni, na kwa vile jamaa alikuwa ameshaongeza mkataba wa mwaka mmoja, nikajiapiza kwamba jezi ya msimu mpya ikitoka tu naandika CAVANI 7.

Ikatoka Julai. Nikanunua wiki ile ile. Tena sikuchukua ya mashabiki, nilichukua ile ya wachezaji, ile inayobana, ambayo nembo yake imebandikwa kwa moto badala ya kushonwa, kwa sababu nilijiambia kama ni kununua basi ninunue kitu chenyewe. Nikalipia jina, nikalipia namba, nikalipia na kile kibandiko cha ligi cha kwenye mkono ambacho mpaka leo sijui kilinisaidia nini. Hela ilitoka kwenye fungu la kodi ya nyumba. Nyumbani nikasema nimemkopesha rafiki. Ndio, nilidanganya, na nimeshakiri kwa anayehusika kwa hiyo msinihukumu upya.

Nikaivaa mechi mbili. Mbili! Ile ya Leeds tuliyowapiga 5-1 na ya Southampton tuliyotoka sare. Ijumaa ya tarehe 27 Agosti dunia ikasimama, Ronaldo anarudi United. Kila mtu kapagawa, na mimi nimepagawa, mpaka pale mshkaji mmoja alipoandika kwenye grupu letu, "sasa atavaa namba ngapi?" Roho ikafanya paa, manake Ronaldo anajulikana kwa namba 7. Nikawa mwanasheria wa ghafla, nawaelezea wenzangu kwamba namba ya Cavani imeshasajiliwa kwenye ligi kwa hiyo haiwezi kubadilishwa, kanuni haziruhusu, Ronaldo achukue nyingine. Kumbe mchezaji wetu Daniel James anauzwa Leeds, namba yake 21 inabaki wazi, Cavani anahamia huko, na tarehe 2 Septemba klabu inatangaza rasmi kwamba 7 ni ya Ronaldo.

Niliwaandikia wale wauzaji. Wakanijibu jezi yenye jina hairudishwi. Nikauliza basi hamuwezi hata kubandua? Wakanitumia kile kikatuni kinachocheka machozi yanatoka. Sikuwajibu.

Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi tarehe 11 Septemba naangalia Ronaldo anarudi dhidi ya Newcastle, tunashinda 4-1, yeye anafunga mawili, naanza kuwashwa vidole. Hela ya orijino sina. Nikapata muuzaji mtandaoni, picha safi kabisa, bei theluthi ya ile ya kwanza, anaapa kwamba ni mzigo uliobaki kiwandani. Nilipigwa mchana kweupe. Ikaja jezi nyekundu kidogo kuliko inavyotakiwa, inanuka kama gundi, na kwenye kufua mara ya tatu herufi R ikabanduka, nikabaki nazunguka na mtu anaitwa ONALDO. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani alikuwa analipiza ile ya kodi.

Ya tatu naona aibu hata kuielezea. Julai 2022 kila gazeti linaandika Ronaldo anataka kuondoka, hata kwenye ziara ya maandalizi hakwenda na timu, nami nikanunua jezi mpya yenye jina lake, orijino, kwa mkopo, kwa kulipa kidogo kidogo kama unavyotaka wewe dogo. Nilijipa sababu kwamba hii ina kola na itanifaa hata ofisini. Akafunga goli moja la ligi, dhidi ya Everton, tarehe 22 Novemba klabu ikatangaza wameachana. Mimi marejesho nilikuwa bado sijamaliza. Jamani nimemlipia mtu ambaye hayupo! Kila mwezi ujumbe unaingia kunikumbusha deni la Ronaldo na yeye huyo yuko Qatar anacheza Kombe la Dunia hana habari na mimi.

Halafu kuna siku nimeenda kwa rafiki kuangalia mechi na ile ya Cavani, kwa ubishi tu, na mmoja wa pale, jina nalihifadhi, akasema mbele ya watu, "huyu sasa ni makumbusho." Wote wakacheka. Mimi pia nikacheka. Lakini niwaambie ukweli, mpaka leo lile neno likinijia hasa nikiwa naoga nakunja uso, na ndo maana nasema tusijidanganye kwamba haya mambo ni ya nguo, ni ya macho ya watu.

Baada ya hapo nikaanza kujiuliza hizi bei zinapaa kwa nini, na nikaanza kusoma. Zamani shabiki alivaa skafu basi. Ni miaka ya 1970 kule Uingereza ndo kampuni ya Admiral ilipoingia mkataba na Leeds, halafu na timu ya taifa, ikaanza kuwauzia watoto jezi zinazofanana na za wachezaji, na kuzibadilisha ili wanunue tena. Mbegu ilipandwa hapo. Baadaye klabu nyingi zikawa zinakaa na jezi miaka miwili, leo ni kila mwaka, na sio moja, ni ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu, bado ya kipa, bado ya mazoezi, bado zile za kuadhimisha sijui nini. Halafu hiyo moja ya nyumbani nayo wameigawa mara mbili, ya wachezaji na ya mashabiki, na ujanja upo hapo, manake ukishaiona ya wachezaji inavyouzwa, ya mashabiki inaanza kuonekana nafuu hata kama nayo imepanda.

Na kampuni za jezi haziweki hela kwa mapenzi. Adidas waliingia United kwa mkataba wa miaka kumi wa pauni milioni 750 kuanzia 2015, na 2023 wakaongeza mpaka 2035 kwa kiwango cha chini cha pauni milioni 900. Hiyo hela lazima irudi, na inarudi kupitia mimi na wewe. Ndo maana nikimsikia mtu anasema "jezi za fulani zitalipa ada yake ya usajili ndani ya wiki" huwa natabasamu tu, kwa sababu kwenye mikataba hii klabu kwa kawaida inapata asilimia ndogo tu kwenye kila jezi, sehemu kubwa inabaki kwa mtengenezaji na muuzaji. Nilikuwa nadhani namsaidia Cavani. Cavani hata sijui kama alipata senti.

Tena kuna jambo liliniuma zaidi. Mwaka 2003 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizipiga faini kampuni kumi, jumla ya zaidi ya pauni milioni 18, kwa kupanga bei za jezi za mashabiki zisishuke, jezi za England na za Manchester United, miaka ya 2000 na 2001. Na klabu yangu yenyewe ilikuwemo kwenye waliopigwa faini. Nilisoma mara mbili. Unaipenda timu hivi nayo inakaa kikao kuhakikisha hupunguziwi.

Nisiwe mtu wa lawama tu. Klabu ya Brentford mwaka 2021 walitangaza kwamba jezi yao ya nyumbani wataivaa na msimu unaofuata, wakasema wazi ni kuwapunguzia mashabiki gharama. Hakuna aliyekufa. Ligi haikusimama. Kwa hiyo inawezekana, wengine hawataki tu.

Haya dogo, turudi kwako, na wengine wote mlioniuliza kama yeye manake najua mpo.

Subiri. Hilo ndo la kwanza. Jezi inakuwa ghali zaidi wiki inapotoka, na inaanza kushuka kadiri msimu unavyokwenda, na timu ikikaribia kutambulisha ya msimu mpya, ambayo mara nyingi wanaivaa kabisa kwenye mechi za mwisho, hii ya sasa hivi unaikuta imekatwa bei kwenye maduka yale yale. Ni kitambaa kile kile. Nembo ile ile. Hao wanaokuambia saizi zimebaki chache wamekuwa wakiniambia hivyo hivyo tangu 2021 na saizi yangu haijawahi kuisha, na mimi sio mwembamba.

Usiandike jina la mchezaji. Nasema tena, usiandike. Mchezaji ni mpangaji, hata namba yake ni ya kupanga. Binamu yangu yeye ni wa kikapu, alinicheka sana na Cavani wangu, alikuwa na LeBron James 23 ya Lakers, na mwaka huo huo wa 2021 LeBron akahamia namba 6, binamu akanunua 6, 2023 jamaa akarudi 23! Sasa anazo zote mbili na hanicheki tena. Ukitaka jina kabisa andika lako, au la mtu aliyestaafu, huyo hahami.

Chukua ya mashabiki, achana na ya wachezaji, wewe na mimi hatukimbii dakika tisini, na ile inavyobana inaonyesha vitu ambavyo havihitaji kuonyeshwa. Mtoto mnunulie saizi moja juu, wangu alimaliza jezi miezi saba ikawa inamwonyesha kitovu. Na kama ni orijino unayoitaka basi ndani pembeni kuna kilebo kina namba ya utambulisho wa bidhaa, iandike mtandaoni kabla ya kulipa, ikikuletea picha ya suruali ya mazoezi ujue unaingizwa mjini. Ningefanya hivyo nisingekuwa na Onaldo. Kufua igeuze ndani nje, maji ya baridi, na pasi usiipitishe kwenye namba.

Ila kubwa ni kusubiri, nimeshasema. Na usikopee jezi. Mdogo wangu nakwambia kama ndugu, chakula cha nyumbani hakisubiri, ada ya shule haisubiri, jezi inasubiri. Watu wanaokucheka kwa kuvaa ya msimu uliopita ni wale wale ambao siku ukikwama kodi simu zao hazipatikani, kwa nini uwavalie wao? Mimi tangu ile ya tatu nimenunua moja tu, ya msimu uliokuwa unaisha, haina jina, niliilipa taslimu nikatoka dukani natembea kifua mbele kama nimeinunua klabu yenyewe. Namba 7 wakampa mchezaji mpya, Mason Mount, mwaka 2023 na sikutikisika hata ukucha. Nilijisikia nimepona.

Nikamjibu yule dogo karibu saa nane usiku, meseji ndefu kama hii. Akaniandikia "asante kaka, ila nilishalipa ya kwanza jioni." Sasa sijui alikuwa ananiuliza nini.

Asubuhi zile jezi nilikuwa nimeziacha kitandani. Mwanangu kaikuta ya Cavani kaivaa, inamfika magotini, kaja jikoni ananiuliza Cavani ni nani. Nikataka kumwambia ni hasara. Nikachukua simu nikamtafutia lile goli la Fulham, tukaliangalia mara nne, ya tano akaomba tuliangalie polepole.