Tunaenda kuona gorila msitu wa Bwindi, tubebe nini?

SWALI: Dada, mimi na wenzangu wa chama hapa Kondele tunaenda Uganda mwezi ujao kuona gorila tukiwa na mtu wa kutuongoza, tujipange aje? – Mama Achi, Kisumu

JIBU: Mama Achi, chanjo ya homa ya manjano kwanza, mchomwe angalau siku 10 kabla, msingoje wiki ya mwisho afu muanze kubembeleza watu pale mpakani Busia. Buti zenye meno, suruali ndefu uichomeke ndani ya soksi, maana siafu wakipanda utavua mbele ya watu (sikuchezei), na glovu za shamba zinatosha, kuna majani yanawasha vibaya. Milima huko ni matope tupu, lipeni kijana abebe begi. Mwenye mafua abaki loji, gorila huambukizwa na sisi. Na watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi, waacheni kwa shosho.